Kitambaa cha Hamdani

Uani kwa Mwinchande, chuma cha mazoezi kilikuwa bomba lenye kopo la zege kila upande. Shaweji, akiwa chali kwenye benchi, alilisukuma bomba mara moja tu, kichwa kikampasuka nyuma ya jicho. Akalirudisha kwenye nguzo zake, akatoa mfukoni kipande cha kanga, akajifunga kichwani na kukaza fundo.

Mwinchande alikitambua. "Hicho si alichokuwa akijifunga marehemu kaka yako?"

"Mama kanipa asubuhi. Ni uchovu tu."

"Hamdani naye alisema uchovu. Nami nikamwambia akaze tu, mpaka akaangukia hapa hapa."

Hamdani ndiye aliyemwaga zege lile, na alama ya kiganja chake ilibaki kwenye kopo la kushoto. Shaweji akanyoosha mkono, akaweka kiganja chake juu ya alama ile. Vidole vikaenea sawasawa. Kisha akashika bomba, akasukuma. Halikuinuka.

Mwinchande alikuwa amelilalia bomba kwa kifua, miguu yake haigusi chini.

"Toka, kaka."

Mwinchande hakutoka. Shaweji akaendelea kusukuma, fundo likimbana, machozi yakimwingia masikioni.