Sweta ya Saba

"Ongeza nusu inchi," Khavere alisema. "Mkono umerefuka mwaka huu."

Mideva hakuuliza ni mkono wa nani. Alitabasamu, kibonyo kikamtokea shavuni, akavuta uzi wa manjano, akaendelea kufuma, na wanawake wengine kwenye mabenchi ya ukumbi wa mtaa wa Shauri Moyo, Nairobi, wakajitia kuangalia kazi zao.

Kila mmoja wao alijua mkono huo haupo. Mtoto wa Mideva alifariki siku aliyozaliwa, Julai ya mwaka wa tisini, katika zahanati moja ndogo ambayo siku hizi ni duka la magodoro. Mideva alijifungua kwa kupasuliwa, akiwa hana fahamu. Alipozinduka aliambiwa alikuwa msichana na kwamba ameshazikwa. Hakuonyeshwa chochote, hata kitambaa alichofunikwa.

Tangu hapo alimfumia sweta kila Julai. Ya kwanza ilikuwa ndogo ya kuvalishwa mwanasesere. Ya sita ingemtosha mtoto wa darasa la kwanza. Hapo ndipo wenzake walipoingiwa na hofu, kwa maana aliyekufa hakui, na huyu alikuwa anakua mbele ya macho yao, vitanzi vinne kifuani kila mwaka, kana kwamba mahali fulani kuna mtu anakula na kushiba.

Khavere peke yake hakuogopa, au hakuonyesha. Alijiunga na kikundi mwaka wa sweta ya pili, akitoka mtaa wa Donholm kila Jumamosi, mwanamke mpole asiye na maneno mengi, aliyewahi kuwa muuguzi. Ndiye aliyekuwa akimpa Mideva vipimo.

"Wewe huna mtoto," Mama Luseno, mwenyekiti wao, alimwuliza siku moja. "Hizo inchi unazitoa wapi?"

"Nafundisha watoto kanisani. Nawaona wanavyokua."

Mama Luseno aliridhika. Lakini leo mwenyekiti hakuwa amekuja kuuliza vipimo.

Kikundi chao kilikuwa na sheria moja. Kufuma kulikuwa kumeanza kusahaulika mitaani mitumba ilipofurika, na ni mitumba hiyohiyo iliyokurudisha: walinunua sweta zilizotoboka katika soko la Gikomba, wakazifumua, wakaosha uzi, wakafuma upya. Uzi ukawa wa wote. Sweta isiyo na mwenyewe hufumuliwa, uzi ukarudi kapuni. Mideva alikuwa amesamehewa sheria hiyo miaka sita, na Jumamosi iliyopita walikubaliana kwamba inatosha. Hawakuwa wabaya. Walimpenda, na walichoka kumwona akizeeka kwa ajili ya mtoto ambaye hata sura hakuijua.

"Umezileta?" Mama Luseno aliuliza kwa sauti ya chini.

Mideva alivuta mfuko kutoka chini ya benchi. Alizitoa moja moja, akazipanga mezani kuanzia ndogo hadi kubwa. Zilionekana kama picha za mtoto mmoja zilizopangwa ukutani, isipokuwa hakuna uso.

"Acheni amalize ya saba kwanza," Mumina, mmoja wa wafumaji, alisema. "Mwana ni mwana, hata akitangulia."

Walimngoja. Alipofunga kitanzi cha mwisho, kila mwanamke aliyekaa karibu na meza akachukua sweta moja na kutafuta ncha ya uzi. Ile ndogo kabisa ikamwangukia Khavere.

Sweta ile ilikuwa nyeupe, laini, haijawahi kuvaliwa na mtoto yeyote. Alitaka kusema basi, acheni. Badala yake akavuta uzi, na sweta ikaanza kutoweka kwa sauti ndogo ya kukwaruza, safu baada ya safu, mpaka mapajani pake pakabaki rundo la nyuzi zenye mikunjo.

Mideva hakulia. Alitazama mpaka ya sita ilipokwisha, kisha akaikunja ya manjano na kuivuka meza nayo.

"Hii msiifumue," alisema. Akaiweka mikononi mwa Khavere. "Dada, wewe peke yako hukuwahi kuniona mwendawazimu. Huko kanisani kwenu mtafute mtoto itakayemtosha. Mwambie kuna mama aliyemfumia. Usimwambie kingine, asije akaogopa."

"Nitamwambia," Khavere alisema.

"Sitafuma tena. Nimekubali amekufa."

Khavere alishindwa kumtazama usoni. Alimkumbatia, akaitia sweta kwenye kikapu chake chini ya kanga, akatoka kabla ya wengine. Barabarani alitembea kwa haraka, mkono mmoja juu ya kikapu, na kila alipopishana na mwanamke mwenye mtoto alivuka upande wa pili.

Alipofika Donholm jua lilikuwa bado lipo. Alifungua kufuli la mlango, akaufunga nyuma yake. Msichana aliyekuwa akichora mezani alinyanyuka, akaegemea ukuta na kunyoosha mikono pande zote mbili, kama alivyofundishwa.

"Leo sikupimi," Khavere alisema. "Vaa hii."

Sweta ya manjano ilimkaa barabara, mabegani, kifuani, mpaka kwenye vifundo vya mikono. Msichana alijitazama, akatabasamu, na shavuni pake kikatokea kibonyo cha Mideva.

"Mama, imenitosha kabisa. Nani amenifumia?"

"Hakuna," Khavere alisema, akimfunga kifungo cha shingoni. "Ni mitumba tu."