Tabaka la Tatu

Kwaru, kwaru, kwaru. Kimya. Kisha tena: kwaru, kwaru.

Mama alifumbua macho gizani. Kulikuwa kunakaribia kupambazuka. Alipapasa ukuta hadi sebuleni, akawasha taa. Mtego wa panya ulikuwa mtupu, chambo kizima. Bintiye wa miaka minne alikuwa kwenye godoro lake sakafuni, kajifunika gubigubi. Na mchoro ulioegemezwa ukutani ulikuwa na tundu jingine, chini kabisa.

"Panya wako amerudi," mumewe alisema asubuhi, utadhani mkewe ndiye aliyemzaa.

Mchoro huo wa mumewe uliitwa *Njaa*. Ulikuwa na matabaka manne. La kwanza mkaa uliosagwa, yaani ardhi iliyoungua. La pili gunia, yaani ngozi ya maskini. La tatu magazeti, yaani ahadi za wakubwa, yaliyobandikwa kwa gundi nzito ya unga wa uji. Juu kabisa rangi, tena chache, maana msanii mkubwa hapayuki. Mama aliyajua yote hayo kwa moyo. Alihubiriwa kila alipoinua kopo la unga akalikuta jepesi.

"Si ungebakiza hata vijiko viwili vya uji wa mtoto?"

"Uji, uji! Humu ndani inafanyika kazi ya sanaa, wewe akili yako iko kwenye sufuria!"

Akakomba unga uliobaki, akakoroga gundi mpya, akaipaka nene kwenye kingo za matundu.

"Nimetia na pilipili, kijiko kizima," alisema, akijipongeza. "Huyo panya safari hii atanikoma."

Mchana akaja mkosoaji wa sanaa, yule ambaye bila neno lake hakuna mchoro unaoingia kwenye ukumbi wa maonyesho. Alikuwa na tumbo la kutangulia na miwani ya kuning'inia. Alichuchumaa kwa shida mbele ya mchoro.

"Mh! Haya matundu!"

Mama aliinama. Aibu ilimshika kwa niaba ya mumewe. Mumewe wala hakupepesa jicho.

"Nimeyapima miezi miwili, mzee. Hiyo ni midomo. Midomo ya wasio na sauti."

"Na yote umeyaweka chini!"

"Njaa haianzii juu, mzee wangu."

"Ajabu! Ajabu kabisa!" Mkosoaji alitoa leso, akafuta miwani, labda na jicho. "Wengine wanaichora njaa, wewe umeifanya ionekane inatafuna. Kijana, umeijulia wapi njaa namna hii?"

"Msanii lazima aone wasichokiona wengine," alijibu, kifua mbele.

"Nauchukua. Wiki ijayo utakuwa ukutani."

Wakapeana mikono, wakacheka kama waliokua pamoja. Nyuma ya mchoro mtu alikohoa. Binti akajitokeza taratibu, ulimi nje, machozi yakimchuruzika, kipande cha gazeti kimemganda kidevuni.

"Mama, uji wa baba leo unawasha."