Kiitikio cha Salha

Mimi na mke wangu hatumsikii tena binti yetu akiimba. Siku hizi baba wa nyumba akimkosoa msanii, vifaa tulivyopandikizwa masikioni vinamzima msanii huyo kwa familia nzima, hata akiimba mbele yenu, mpaka baba aape kwamba alikosea kumkosoa.

Sikusoma sana, lakini masikio ninayo. Nimezima bendi za magitaa yasiyosikilizana, na tamthilia ambamo mtu anapigwa risasi asubuhi, jioni yuko harusini. Sijawahi kuapa.

Salha alituimbia wimbo wake wa kwanza sebuleni. Beti tamu, sauti imetulia. Kwenye kiitikio akawa anapiga kelele tu.

"Kiitikio kibovu, mwanangu," nikasema.

Papo hapo pakawa kimya. Midomo yake ikaendelea kwenda.

"Apa basi, Baba Salha," mke wangu husema mpaka leo. "Neno moja tu."

"Niape uongo? Mwenyewe alikubali, akakirekebisha. Sasa anajaza uwanja. Nani alimfundisha?"

"Umekisikia hicho kilichorekebishwa?"

"Mtaa mzima unakisifu."

"Nimekuuliza wewe."

Nilisema kweli, na kweli ilimjenga. Najivunia hilo. Gharama yake ni hii: wimbo ambao hata muuza maji anaujua. Salha akiimba huku anaosha vyombo. Salha akimbembeleza mjukuu wetu alale. Na mama yake, ambaye hakumkosoa hata siku moja, naye anatazama midomo tu.