Kama Maji

Mvua ilikuwa ikinyesha, na bado Dobrila alikuja na jagi la maji ayamwage nyuma ya gari la baba yake. Kwao anayeondoka humwagiwa hivyo na kuombewa mambo yake yaende kama maji.

"Mbingu yote imefunguka, na wewe unaongeza!" baba alimtania kutoka ndani ya Lada yake kuukuu ya mashindano.

Dobrila ndiye fundi wake. Asubuhi alilegeza springi za nyuma, akafunga matairi ya mvua. Gari hilo husukumwa na magurudumu ya nyuma. Hayo yakielea juu ya maji, hakuna usukani utakaoliokoa.

Akamwaga. Maji yakaosha tope ubavuni mwa tairi, na mshale mdogo ukajitokeza, ule unaoonyesha tairi lizunguke upande gani ili liteme maji.

Ulikuwa kinyume.

Akakimbilia upande wa pili. Na huko kinyume. La kulia alikuwa amelifunga kushoto.

"Baba, shuka! Baba!"

Injini ilinguruma, mwamuzi akainua bendera. Nyuma ya kioo chenye ukungu, baba aliona midomo ya Dobrila ikicheza tu, akadhani ni ile dua.

"Kama maji, mwanangu!" akajibu, akaachia klachi.