Sauti Nyuma ya Dashibodi

Mfuniko wa birika ulikuwa ukigongagonga kabla ya alfajiri. Mjukuu wangu Subilaga alinichemshia chai kwanza, ndipo akaniita bandani kwenye ndege aliyoiunda mwenyewe. Siku hiyo alikuwa anahamia Sumbawanga.

"Bibi, ni mikono yako tu inayopenya huku nyuma ya dashibodi."

Sheria hairuhusu ndege ya kuunda nyumbani iruke bila kisanduku chenye sauti ya mtu anayempenda rubani. Sauti hiyo humwonya mawingu yakibadilika, na humliwaza akiogopa. Subilaga alinichagua mimi. Msimu wote wa mvua nilikaa na kisanduku jikoni nikikisimulia maisha yangu, nacho kikajifunza.

Nikalala chali chini ya dashibodi. Subilaga akaniwekea mto, akanimulikia tochi. Nikakaza skrubu za kisanduku, nikachomeka waya wa mwisho.

"Subi, umevaa sweta?" kisanduku kikauliza, kwa sauti yangu.

"Nimevaa, Bibi," akajibu akicheka.

Mimi nilikuwa sijafungua mdomo, ingawa nilitaka kuuliza hilohilo.

"Lakini utakuwa unakuja kuniona?" nikamwuliza.

"Bibi nawe! Si tutakuwa tunaongea kila siku huko angani?"

Akaniachia tochi, akaenda kuchukua mafuta. Nikaanza kujivuta nitoke.

"Mwenzangu," sauti yangu ikaninong'oneza kutoka kwenye nyaya, "huku ni giza. Utakuja tena kunitembelea?"