Dua ya Darmi

"Mhusika wako amekaa tu, Mama Qabale," alisema Mwalimu Komora. "Mtu wa hadithi lazima afanye jambo. Na jambo hilo ndilo lilete mwisho."

Qabale alisimama kando ya dawati lililotengenezewa watoto, mkono mmoja umeshika daftari, wa pili umeshika hirizi shingoni. Mwaka wa pili sasa alikuwa akija darasa la watu wazima hapa Garsen, kila siku baada ya sala ya alasiri. Leo kila mmoja alitakiwa kusoma hadithi yake. Ubaoni palikuwa na maneno manne: mhusika, mahali, tatizo, mwisho.

"Soma tena pale kwenye mafuriko."

Alisoma polepole, kidole chini ya kila neno.

"Mama alikuwa na binti mmoja, Darmi. Darmi alisoma mpaka darasa la saba. Akaolewa ng'ambo ya mto. Mwaka wa mafuriko alikuwa na mimba. Simu zikazimika. Mama akafunga mzigo wake, akapatana na mwenye mtumbwi wavuke baada ya adhuhuri."

"Hapo sawa! Mama anataka kitu, mto unamzuia. Endelea."

"Kabla ya adhuhuri akaja Guracha, shemeji yake Darmi, amevusha ng'ombe. Akampa mama karatasi iliyokunjwa ikawa ndogo, imefungwa kwa nailoni na uzi. Akasema, Darmi anataka ikufikie leo hii. Mama hakumuuliza habari za mimba. Mambo hayo mwanamume haulizwi. Guracha akatazama chini, akafuata ng'ombe wake."

"Huyo Guracha ameoa?" aliuliza Fardosa, muuza maziwa. "Mpole hivyo, na ng'ombe anao!"

Darasa likacheka. Hata Qabale alitabasamu.

"Na karatasi ilikuwa nini?" mwalimu aliuliza.

"Dua, mwalimu. Darmi aliniahidi. Kuna sheikh Kipini anaandika dua ya moyo, na moyo wangu hudunda vibaya. Siku ile ile niliipeleka kwa fundi Dado, akaishonea ngozi. Ndiyo hii."

Kicheko kilikatika. Hakuna aliyeuliza tena mama wa hadithi ni nani.

"Hujawahi kuifungua?"

"Dua haifunguliwi."

Mwalimu Komora alishusha sauti. "Lakini msomaji atataka kujua, mama. Kwa nini hakuvuka?"

Qabale alifunua ukurasa wa mwisho.

"Mama alipoipokea dua, moyo wake ukatulia. Akasema, mtoto anayekumbuka moyo wa mama yake hivi, huyo ni mzima. Akaufungua mzigo. Akamwambia mwenye mtumbwi, tutavuka maji yakipungua. Asubuhi ya pili Guracha akarudi, analia. Darmi na mtoto wake walikuwa wameshazikwa."

Alifunga daftari.

"Mwisho sijui kuuandika, mwalimu. Nataka kusema kwamba siku yake ya mwisho alikuwa akiniombea. Hilo ndilo lililonisimamisha miaka mitatu. Kila nikimaliza kusali naishika hii, na mimi namwombea yeye. Naona kama tunaombeana."

Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Andika hivyo hivyo," alisema. "Huo ni mwisho."

Qabale akaketi, akainama juu ya daftari. Aliandika neno la kwanza, Darmi, na alipokuwa akitafuta la pili hirizi ilianguka juu ya ukurasa. Ngozi ilikuwa imeliwa na jasho la miaka mitatu. Mshono ulikuwa umeachia upande mmoja, na nailoni ilichungulia.

Fardosa aligeuza uso upande wa pili kwa heshima.

"Nitamrudishia Dado aishone," Qabale alimnong'oneza. "Ila niitazame mara moja tu. Mungu atanisamehe."

Alisema Bismillahi. Akakata uzi kwa meno, akaikunjua karatasi kwa vidole viwili. Ilikuwa kavu kama siku ile. Alitarajia herufi za Kurani, ambazo angezibusu tu, kwa maana hakuzijua.

Zilikuwa herufi za ubaoni.

Akaweka kidole chini ya neno la kwanza.

"Ma-ma," alisoma. "Mwa-mbie mwe-nye du-ka a-ku-so-mee u-pe-si. Mto-to a-me-kaa vi-ba-ya. Njoo leo na m-ku-nga. Na-ku-ngo-ja."