Bango la Haji

Mulianah alichomoa kisu cha jikoni akakata kamba ya kwanza ya bango.

"We Mama! Picha bado!" Haji, mwenyekiti wa jumuiya ya msikiti, alifoka.

Tangu tetemeko la ardhi likibomoe kisiwa cha Lombok, Mulianah na wanawake wa darasa la Kurani walikuwa wakipika jikoni pa wahanga. Leo wali ulikuwa umepoa ndani ya majani ya mgomba, kwa sababu Haji alitaka watu wapigwe picha kwanza, mbele ya bango lenye uso wake. Mvua ikawakuta mstarini. Mama aliyejifungua juzi alijikunyata chini ya saruni iliyolowa, na midomo ya kichanga chake ilikuwa imeanza kugeuka rangi.

"Wafadhili wataona nini?"

"Watakuona unafanya kazi, Haji. Watashangaa."

Akakata kamba ya mwisho, akalitandaza lile bango la plastiki juu ya mama na mwanawe. Uso wa Haji bangoni ulitazama juu, matone yakiupiga puani.

"Shika pembe hii," akamwamuru Haji.

Mpiga picha akainua kamera.

"Nawe weka hiyo chini, ushike ile."